Daftari na Sikio

Mtu akitoka Ifakara kwenda Mlimba katika mwezi wa Machi, milima ya Udzungwa ikiwa kuume kwake na uwanda wa mto Kilombero ukiwa kushoto kwake, akifika Mchombe atakuta nyumba nyingi zimefungwa, nyua zimeota majani, na kuku wameachwa kwa jirani, maana wenyewe wamekwisha kuhamia mashambani, katika vibanda vya miti na nyasi na katika madungu yaliyoinuliwa juu ya maji, ambako watakaa wakipalilia na kuamia ndege mpaka mpunga uive. Hayo ndiyo maisha ya bonde hili, na hakuna mtoto aliyezaliwa hapa asiyeyajua. Walakini nimeona, tena si mara moja, mwenyekiti wa jumuiya akisimama Jumamosi asubuhi na daftari la mahudhurio mkononi, akahesabu watu wanne mahali pa ishirini, akaandika neno utoro. Taarifa ile ikapanda kigangoni, ikatoka kigangoni ikaenda parokiani, na Jumapili iliyofuata watu wanne wale wale wakahubiriwa juu ya imani iliyopoa.

Imani haikupoa. Watu walikuwa shambani, na mwenye daftari alilijua hilo kama mwenyeji, kwa kuwa mkewe mwenyewe alikuwa shambani. Ila aliposhika kalamu alilisahau, kwani safu za daftari zilikuwa mbili tu, yupo na hayupo, wala haikuwako safu ya tatu ya kuandika sababu. Nimekaa na picha hiyo miaka mingi, na kadiri ninavyozeeka ndivyo inavyozidi kunikaa moyoni, maana naamini ya kuwa udhaifu mkubwa wa uongozi wa makanisa yetu, ya Kikatoliki, ya Kilutheri na mengineyo, hautokani na uhaba wa elimu wala wa fedha. Unatokana na sikio lililoachia daftari kazi yake.

Lugha yetu ilikwisha kutuonya. Kusikia, kwa Kiswahili, si kazi ya sikio peke yake: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi na njaa na uchungu, na mtoto asiyetii huambiwa kwamba hasikii. Neno likirefuka likawa kusikiliza, limeingiwa na nia, kwa kuwa asikilizaye ameamua kutega sikio; nalo likirefuka tena likawa kusikilizana, maana yake huwa ni kupatana, hata wafanyabiashara wawili waliokubaliana bei, au ndugu wawili waliogombea kiwanja wakasuluhishwa, hunenwa kwamba wamesikilizana. Wahenga waliotuachia lugha hii hawakuona njia ya mapatano isiyopita sikioni. Nasi viongozi wa dini, aghalabu, katika maana hizo zote tumejichagulia moja, ile ya utii, tukawa tunalalamika vikaoni ya kwamba waumini hawasikii, pasipo kujiuliza kama wao wamepata kusikilizwa. Methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu tumeikariri mimbarani mpaka imechakaa. Sijapata kuisikia ikielekezwa kwa mkuu asiyesikia la mdogo, hali naye ana guu.

Nitasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, kwa kuwa si haki kunena juu ya makosa ya wengine na kuyafunika yangu. Nilipokuwa katibu wa halmashauri ya walei katika kigango kimoja cha bonde hili, nilitumwa pamoja na katekista mmoja mzee kwenda kumwona mama mjane ambaye kwa muda wa mwaka mzima alikuwa ameacha kuja jumuiyani. Nilikwenda na daftari la zaka kwapani. Tulipobisha hodi alitukaribisha kwa adabu, akatandika mkeka chini ya mwembe, akatuletea maji ya kunywa. Nami, kabla kikombe hakijarudi mkononi mwake, nikafungua daftari nikamsomea miezi aliyokosa, na michango ya ujenzi aliyodaiwa, na mikutano ambayo jina lake halikuonekana. Kwa kila nililosoma alijibu, "Ni kweli, baba." Nikaandika, nikadhani kazi inakwenda vizuri.

Katekista hakusema neno. Nilipofunga daftari nikainuka, yeye hakuinuka. Akaomba maji mengine. Akauliza habari za mpunga, akajibiwa kwa maneno mawili. Kisha akanyamaza, akanyamaza muda mrefu sana, hata mimi nikaona haya kwa ajili yake, nikidhani uzee umemsahaulisha lililotuleta. Kivuli cha mwembe kilikuwa kimekwisha kuhama kutoka upindo mmoja wa mkeka hadi upindo wa pili ndipo yule mama, pasipo kuulizwa, aliposema, "Baba katekista, siku ile ya mama yangu mlitaka kadi kwanza."

Akaeleza. Mama yake mzazi alifariki katika miezi ya njaa, mpunga wa akiba umekwisha na mpya bado u majani. Ndugu walipokwenda kuomba ibada ya mazishi waliambiwa walete kwanza kadi ya zaka ya marehemu pamoja na barua ya jumuiya. Kadi ilikuwa na miezi isiyolipwa. Na wakati vijana wanakwenda mbio nyumba kwa nyumba kukopa fedha, maiti ilikuwa ndani na jua linateremka. Mwishowe wakazika wenyewe, na jirani wa madhehebu mengine ndiye aliyewasalia. Hakuwa na hasira alipokuwa akieleza. Alikuwa akitazama mkeka. Nami nikakumbuka kwamba orodha ya wadaiwa ya mwaka ule ilikuwa na saini moja chini yake, na saini hiyo ilikuwa yangu.

Mzee yule hakumtetea mtu. Hakusema kwamba utaratibu ni utaratibu, wala kwamba halmashauri ilikuwa imeagizwa, wala hakumlaumu mama kwa kuchelewa kusema, ijapokuwa maneno yote hayo yalikuwa yamekwisha kufika ncha ya ulimi wangu. Alisema, "Pole, mwanangu. Nimesikia." Kisha akauliza kaburi li wapi, tukaenda watatu hadi ukingo wa shamba, akavua kofia, akasali sala za marehemu kwa utaratibu kamili, pale majanini, miezi kumi na kitu baada ya maziko. Katika wiki ya tatu baadaye mama yule alikuja jumuiyani, akaketi mahali pake pa zamani. Hakuna aliyemfungulia daftari.

Najua jibu ninalopewa kila nilisimuliapo jambo hili, nalo si jibu la kipuuzi. Kanisa lina matumizi: katekista hula, paa huvuja, pikipiki ya padre hainywi maji, na mtu ambaye miaka kumi hakuonekana jumuiyani, hakubatiza wanawe, hakutoa senti, kisha nduguze wakaja mbio siku ya msiba wakidai heshima zote, kweli huwavunja moyo wale waliotoa katika uhaba wao. Kadi ilianzishwa kwa insafu, ili mzigo uchukuliwe na wote. Sibishi. Ninalobisha ni kadi kupewa kazi ya sikio. Kadi inaweza kutuambia kwamba bibi fulani hakulipa tangu Novemba hadi Machi. Haiwezi kutuambia kwamba tangu Novemba hadi Machi alikuwa akila mlo mmoja kwa siku, wala kwamba alikuwa akimuuguza mjukuu, wala kwamba aliona haya kusimama mbele ya watu na bahasha tupu. Hayo hujulikana kwa kukaa na mtu, na mtu hayasemi kwa mgeni mwenye haraka.

Tena tukumbuke jumuiya hizi zilizaliwa kwa sababu gani. Mwaka 1973, na kwa mkazo zaidi mwaka 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki katika shirikisho lao la AMECEA walikata shauri kwamba Kanisa lijengwe kuanzia chini, katika vikundi vidogo vya majirani wanaojuana kwa majina na kwa shida zao, madhali parokia zilikuwa pana mno na mapadre wachache mno. Jumuiya Ndogo Ndogo zilikusudiwa ziwe mahali pa kusoma Neno, kusaidiana, na kusikilizana. Hapa Tanzania Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, aliyewekwa wakfu mwaka 1969, hakutosheka na kuliagiza jambo hilo kwa waraka. Alikwenda kuishi na kufanya kazi pamoja na wanakijiji wa Nyabihanga, kijiji cha ujamaa, akishika jembe kama wao. Askofu mwenye jembe husikia mambo ambayo askofu mwenye msafara hataambiwa maisha yake yote, kwa kuwa mkulima akiinama pamoja nawe katika tuta moja hakosi kukuambia yaliyo moyoni, lakini akipangwa mstarini kukupokea kwa ngoma na vigelegele atakuambia yale aliyofundishwa kusema.

Laiti jumuiya zetu zingebaki hivyo. Katika mengi ya makusanyiko niliyohudhuria, sala na Neno huchukua robo saa, na saa nzima iliyobaki huwa ya matangazo na michango: ya kuwekwa wakfu, ya jubilei, ya gari, ya ukuta. Maneno yote hushuka, hakuna linalopanda. Bonde hili lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mahenge lililoanzishwa mwaka 1964, na mwaka 2012 likapata Jimbo lake la Ifakara. Nao Walutheri wana Dayosisi yao ya Ulanga-Kilombero. Ofisi zimesogea karibu na watu, na hiyo ni neema. Ila ofisi kusogea ni jambo moja, na sikio kusogea ni jambo lingine.

Mfano ulio bora kuliko wote niujuao katika nchi yetu ulitokea mbali na hapa, kwa Wamasai wa Loliondo. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alimwandikia askofu wake mwaka 1966 akikiri jambo zito: misheni ilikuwa na shule na hospitali na wafadhili, lakini hakuna mtoto hata mmoja wa Kimasai aliyetoka shuleni akaendelea kuishika dini. Akaomba idhini ya kwenda kwenye maboma mikono mitupu, azungumze na watu juu ya Mungu, basi. Baada ya mwaka mzima wa mazungumzo alikuja katika boma la mzee aitwaye Ndangoya, akaanza kuwachambua watu, huyu amefundishika atabatizwa, yule amekosa vipindi, yule mwingine hakufahamu. Mzee akamkatiza kwa upole. Akamwuliza kwa nini anawatenga. Akamweleza kwamba katika jamaa ile wapo wavivu waliosaidiwa na wenye bidii, na wazito wa fahamu waliochukuliwa na wepesi, nao wote ni kitu kimoja. Yeye kama mzee anasema kwa niaba ya wote kwamba wanaamini. Donovan alikuwa na elimu ya teolojia na mamlaka ya kukataa. Alinyamaza, akasikiliza, akabatiza boma zima, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 aliandika habari hiyo kama mtu aliyefundishwa. Je, kama Ndangoya angekutana na mimi na daftari langu?

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu waketio katika jumuiya moja hawana tena asili moja. Mndamba, ambaye mto ni baba yake, anakaa na Mpogoro, na Mbena, na Mhehe, na watoto wa wale waliokuja na ujenzi wa reli ya TAZARA katika miaka ya sabini, na Msukuma aliyefika na ng'ombe wake akitafuta malisho. Mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na majeraha ya ugomvi wa mkulima na mfugaji hayakupona kwa operesheni. Nimeona mtu ambaye majaruba yake yaliliwa usiku akipeana amani kanisani na mtu ambaye ng'ombe wake walikuwa mule. Mikono iligusana, macho hayakukutana. Kiongozi aliyekuwa mbele aliwaona, akaendelea na ibada. Ningependa arejee katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, aone jinsi Kanisa la kwanza kabisa lilivyokabili manung'uniko ya wajane wa lugha ya Kiyunani waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku: mitume hawakusema kwamba wanung'unikaji ni wachochezi, waliita mkutano, wakasikiliza, wakaacha watu wachague saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Waliodhulumiwa ndio waliokabidhiwa ghala. Tangu hapo, kila shemasi anayewekewa mikono hukumbushwa wale saba, ambao kazi yao ilizaliwa katika malalamiko yaliyosikilizwa.

Wala watu wa Kilombero hawana haja ya kusafiri ili wajue faida ya kuuliza kabla ya kuagiza. Mwaka 1997, watafiti wa Ifakara walipoanza kueneza vyandarua vyenye dawa katika Kilombero na Ulanga, walitangulia kuwauliza watu maoni yao na mapendeleo yao, na dawa ile ikauzwa madukani kwa jina ambalo hata bibi asiyejua kusoma alilitamka bila shida: Zuia Mbu. Ilikuja kuonekana kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Dawa ilikuwa ya maabara. Nusu ya njia ilikuwa ya sikio.

Papa Fransisko alipofungua safari ya Sinodi mnamo Oktoba 2021, maswali yaliletwa hadi majimboni na parokiani, na wengi wetu tukayajibu kama mtihani, haraka haraka, katibu mmoja akijibu kwa niaba ya mamia. Nilisikitika. Maana katika mkutano wa Roma wa Oktoba 2023 makardinali, watawa na walei, wanawake wakiwamo na haki ya kupiga kura kwa mara ya kwanza, waliketi katika meza za mviringo, na baada ya wasemaji kadhaa kusema, wote walinyamaza kwa muda kabla ya mwingine kunena. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mzee wangu wa chini ya mwembe, ambaye hakuwahi kuiona Roma, na ambaye kimya chake nilikionea haya.

Sharti niseme pia kwamba kusikiliza ni kazi inayochosha, na wanaoisifu bila kuifanya hawajui wanachokisifu. Mwenye kusikiliza hupokea mizigo ambayo hawezi kuitua kwa mtu mwingine, kwa kuwa siri ya mtu ni amana. Na palipo kijiji kidogo kama chetu, ambapo neno lililosemwa Mngeta asubuhi huwa limefika Mchombe kabla ya adhuhuri, kiongozi mmoja mwenye mdomo mwepesi hufunga vinywa vya watu kwa kizazi kizima. Yapo pia masikio ya hila: kiongozi anayesikiliza ili apate habari za wapinzani wake, au anayetikisa kichwa huku jibu lake limekwisha kuiva kabla mwenzake hajamaliza. Watu huyatambua masikio hayo upesi, hata watoto. Na yapo mashauri ambayo baada ya kuyasikia utalazimika kusema hapana, kwani kusikiliza si kukubali kila linaloombwa. Lakini hapana itolewayo baada ya kivuli kuhama mtu huipokea kwa moyo mwingine kabisa.

Kwa hiyo nawageukia ninyi wenyeviti wa jumuiya na wazee wa usharika, kuanzia Kiberege hadi Mlimba, pamoja na mapadre na wachungaji mnaowaongoza. Katika ziara yenu ijayo kwa mtu aliyeacha kuja, daftari liacheni nyumbani. Nendeni wawili, mmoja wenu awe mwanamke, na mkimkosa nyumbani mfuateni kwenye dungu lake, mkakae naye wakati anaamia ndege. Na halmashauri zitakapokutana baada ya mavuno kupanga taratibu za mwaka, naomba jambo moja liandikwe katika kumbukumbu za kikao na kutiwa saini: kadi ya zaka na iulizwe siku nyingine yoyote, lakini siku ya msiba isiulizwe.